Kona Tano za Sare ya Kwaya

Chonyonyo,
Karagwe, Kagera.
Jumanne, 19 Novemba 2024.

Mpendwa Shangazi Kokuhirwa,

Shikamoo. Ni matumaini yangu kwamba barua hii itakukuta ukiwa umesimama vizuri kwa miguu yote miwili, maana mara ya mwisho ulituambia goti la kulia limeanza kukusumbua kila unapopanda ngazi za wodini. Je, ulimwona daktari, au bado unawahimiza wagonjwa wako wamwone huku wewe ukijipaka dawa ya kuchua? Na huko Songea mvua zimeanza? Ninakuulizia kila siku moyoni, hata kama simu zangu zimekuwa chache.

Huku tu wazima wa mwili. Baba anakohoa kidogo asubuhi, ila bado anaingia kibanjani kabla ya chai, na ukimwambia apumzike anauliza kama migomba nayo imepumzika. Maharage yametoa maua. Senene wameanza kuonekana lakini ni wachache, watoto wanakimbizana nao asubuhi nzima kabla ya kupata wa kujaza kikombe. Mama naye ni mzima. Yeye nitamrudia baadaye.

Shangazi, uliniomba nikushonee vipochi vinne vya wauguzi wenzako, kama kile nilichokutumia Pasaka, na zipu ukazituma kabisa. Nimezipata zote nne, na ni imara kuliko za huku. Lakini sitavishona. Nimeona nikuambie mapema ili usiendelee kuwaahidi. Kwa simu nisingeweza kukueleza kwa nini, kwa sababu nyumba yetu unaijua: ukinong'ona chumbani, sebuleni wanakujibu. Na kwetu mambo yanayomshinda binti hupelekwa kwa shangazi. Haya yamenishinda.

Nianze mbali kidogo. Unajua ni mwaka wa tatu sasa tangu nimalize chuo, na kila majina ya ajira yakitoka langu halimo. Najitolea kufundisha baiolojia kwenye sekondari ya kata siku tatu kwa wiki. Siku zilizobaki niko nyumbani na mawazo yangu, na mtu mwenye mawazo mengi akikaa karibu na cherehani huishia kushona. Mama akikata nguo za watu, vipande vidogo vinaanguka chini ya meza. Wenye nguo wakisema hawavihitaji, mimi navichukua. Nilianza na vishikio vya sufuria, nikaenda kwenye mifuko ya penseli ya wanafunzi wangu, kisha vipochi.

Ni kazi inayoudhi kuliko inavyoonekana. Gauni lina kitambaa cha kutosha, ukikosea unapunguza kiuno unasonga mbele. Kipande cha ukubwa wa kiganja hakina pa kukosea. Kitenge kizito kinatulia, satini inateleza kama kambare, na ukiigusa tu na mkasi inaanza kuachia nyuzi. Kipande kimoja kimekatwa kwa kufuata uzi, kingine kimekatwa mshazari. Ukiviunganisha, kimoja kinavutika kingine kinagoma, na kipochi kinatoka kimepinda mdomo kama mtu aliyeng'olewa jino. Nimefumua zaidi ya nilivyoshona. Mama alikuwa akipita nyuma yangu anawaambia wateja kwamba binti yake amesomea matambara mpaka chuo kikuu. Wateja walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa meno tu.

Hata hivyo niliendelea. Kwa miaka mitatu, vipochi ndivyo vitu pekee nilivyovianza mwenyewe nikavimaliza.

Sasa nikueleze habari ya sare, kwa sababu wewe uliondoka kabla kwaya yetu ya akina mama haijaanza mambo ya siri. Siku hizi kwaya zinashindana kwa mavazi karibu kama zinavyoshindana kwa sauti, na mashindano ya jimbo ya mwaka huu ni tarehe mosi Desemba. Kitambaa cha mwaka huu kilinunuliwa mwezi wa nane na watu wawili tu. Mama ndiye fundi. Alikata sare thelathini na sita mlango ukiwa umefungwa, na mwanakwaya alikiona kitambaa siku ya kujaribishiwa, basi. Mabaki yote yalitiwa kwenye kiroba, kiroba kikashonwa mdomo, kikapelekwa kwa Mama Costansia, mwenyekiti wa kwaya, akakiweka chini ya kitanda chake. Mama aliupenda sana utaratibu huo. Yeye siku zote husema kitambaa ni cha mwenye nacho mpaka kipande cha mwisho.

Kitambaa chenyewe kilikuwa cha zambarau, ile zambarau ya ua la mgomba kabla halijafunguka, na mistari myembamba ya njano. Sijawahi kuona kitambaa kinachokaa vile kwenye mkono. Kabla kiroba hakijashonwa nilichukua kona tano, zile pembe zinazobaki ukikata kwapa. Nilijiambia hakuna mtu anayeweza kutambua kitambaa kwa kona isiyozidi kiganja. Kisha nikaziweka ndani ya kipochi, ziwe bitana, kwa kuwa bitana hakuna anayeiona. Sasa naona kwamba kama ningeliamini lile la kwanza, nisingehitaji lile la pili.

Kipochi hicho nilimpa Sperancia, mwalimu mwenzangu wa Kiswahili. Nilipougua malaria alinishikia vipindi vyangu wiki mbili nzima na nilitaka kumshukuru kwa kitu kizuri kweli. Kwao ni Songambele, kule Kyerwa, na kila Ijumaa anarudi nyumbani kwa mama yake. Anaimba kwaya ya huko. Yote hayo niliyajua. Niliyajua kama mtu anavyojua majina ya mito, bila kufikiri kwamba siku moja atatakiwa kuivuka.

Na bitana, Shangazi, ndiyo hasa anayoiona mwenye kipochi kila anapokifungua.

Jumapili ya tarehe ishirini na saba Oktoba tulialikwa Kiruruma, kwenye uzinduzi wa madarasa ya watoto. Kwaya yetu ilivaa sare ya zamani, ile ya kijani, ili mpya ibaki ya mashindano. Ilipomaliza kuimba Mama alikuja kukaa nami upande wa dirishani. Kwaya ya Songambele ikaingia ikicheza kutoka mlangoni, zambarau ya ua la mgomba, mistari ya njano, wote, mpaka vilemba. Mama alinishika kifundo cha mkono akakibana mpaka wimbo ukaisha. Hakunigeukia hata mara moja.

Tulipotoka nje mwanamke mmoja wao, mwenye kifua cha kujaza kanisa, alimwita mwenyekiti wetu kwa sauti ya upole: "Mama Costansia, tumesikia nanyi mnashona zambarau. Msihofu dada zetu, hata kufunga kilemba chake tutawafundisha sisi wenyewe." Wenzake waliinama kwa kucheka. Mama Costansia, ambaye tangu nimfahamu hajawahi kukosa jibu, aliufungua mwavuli wake pasipo mvua akaondoka.

Kwenye kikao cha kwaya jina la aliyetoa siri lilipatikana kabla watu hawajakaa. Sidhani kama unamfahamu Uwamahoro, mke wa Mutabazi seremala. Alikuja kuolewa hapa miaka tisa iliyopita kutoka ng'ambo ya mto Kagera, na dada yake mkubwa ameolewa Songambele na anaimba kwaya ileile. Hakuna aliyemwona akipeleka kitambaa, wala hakuna aliyeona haja ya kuona. Aliulizwa mwezi wa tisa alikwenda wapi. Akajibu kwamba alikwenda kwa dada yake aliyejifungua. Ikatosha. Alisema mara moja tu kwamba hakuitaja hata rangi. Akasimamishwa kuimba mpaka mashindano yapite. Sare yake, ambayo ilikuwa bado haijapindwa, aliikunja vizuri akaiacha kwenye benchi. Mama anaimba kwenye kwaya hiyo, kwa hiyo alikuwepo. Alitusimulia wakati wa kula kama mtu anayesimulia bei ya chumvi.

Mimi nilikuwa bado sijui, Shangazi. Nakuomba uniamini. Nilijua nimeiba kona tano, lakini nilikuwa sijajua zimefika wapi.

Nilijua wiki iliyofuata, shuleni, chumba cha walimu. Sperancia aliingia amechangamka, akaniwekea mkono begani. "Joanitha, kipochi chako kimeivisha kwaya yetu yote." Alidhani ananisifia. Mwalimu wao wa kwaya alimwona akitoa kitabu cha nyimbo, akakigeuza kipochi ndani nje, akakipenda kitambaa. Alikwenda nacho mjini Kayanga na kwenye duka la pili akayakuta majora yaliyobaki. Sperancia alimwambia kwamba mama yangu ni fundi na huenda sisi pia tunashona hicho, lakini kwao sare si siri, hakuona tatizo. Alikuwa bado anacheka alipouona uso wangu.

Jioni hiyo nilimwambia Mama. Alikuwa jikoni anamenya ndizi, na hakuacha kumenya.

"Wanawake thelathini na sita, kwapa mbilimbili," akasema. "Kona sabini na mbili. Kwenye kiroba nilitia sitini na saba."

Alikuwa akijua tangu alipozihesabu. Alidhani nimezifanyia kishikio cha sufuria, kitu cha kubaki humu ndani, akaona aibu kurudi kwa Mama Costansia na kusema kwamba binti yake mwenye digrii ameshindwa kuacha kona tano. Akakishona kiroba mdomo akakipeleka. Na pale Kiruruma, wakati Songambele wanaingia, alikuwa ameshafanya hesabu yote.

Nilimwambia tukaseme. Akaniambia nitanyamaza. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo, polepole, kama anayenipima kiuno.

"Uwamahoro watamsamehe kabla ya Pasaka. Mimi wakijua, sitashona tena hata pindo kwenye usharika huu. Wewe utapata ajira utaondoka. Mimi nitabaki na cherehani na macho ya watu."

Lililoniudhi zaidi ni kwamba maneno yake yalikuwa na ukweli. Nguo za kipaimara, sare za shule, magauni ya mabibi harusi, yote hayo watu huleta kwa Mama kwa sababu anarudisha kipande cha mwisho. Ameishi kwa jina hilo tangu kabla sijazaliwa. Nililiweka jina hilo ndani ya kipochi nikalifungia zipu.

Nikanyamaza siku tisa. Nilijaribu kushona vipochi vyako. Zipu ya kwanza niliishona mara tatu nikaifumua mara tatu, mpaka kitambaa kikatoboka, nikakitupa. Nilimkasirikia Sperancia, ambaye hakufanya kosa lolote. Nilimkasirikia Mama Costansia na kiroba chake, nikawaona wanakwaya wote ni wanawake wazima wanaocheza mchezo wa kitoto na nguo. Nikawakasirikia Songambele kwa kucheka. Mtu akikataa kujikasirikia mwenyewe, anazunguka kata mbili nzima akitafuta wa kumwazima hasira hiyo.

Siku moja nikaenda kwa Uwamahoro nikiwa nimeazimia kumwambia yeye kwanza. Nilimkuta anapalilia maharage. Alinisalimu vizuri, akaniuliza shule inaendaje, akanichagulia ndizi mbivu kutoka kwenye kikapu chake cha mchana. Kisha akarudi kwenye jembe, na nilimsikia akiimba chinichini, sauti ile nzito ya wimbo wa mashindano. Hakuna mwingine kwenye kwaya anayeweza kuifikia bila kukoroma. Nilisimama pale na ndizi mkononi. Nikamwambia maharage yake yamestawi. Shangazi, nilisifia maharage, nikaaga, nikaondoka.

Alhamisi iliyopita nilikwenda kwenye mazoezi ya kwaya. Sikumwambia Mama kwamba nitakwenda. Walipomaliza sala nikaomba nafasi, nikasimama mbele yao, nikasema: nilichukua kona tano, nikashona kipochi, nikampa mwalimu wa Songambele, Uwamahoro hahusiki kwa lolote. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo njia nzima na yalitoka kama nilivyoyapanga. Niliona hata fahari kidogo. Usinicheke.

Mama Costansia alivua miwani. "Na mama yako alijua?"

Sikuwa nimelipanga hilo. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa swali ambalo hata mtoto wa kipaimara angeliona linakuja. Nikiitikia, nimemmaliza Mama. Nikikataa, nimemsafisha mtu mmoja kwa uongo mwingine. Kimya changu kilikuwa kimeanza kujibu, wote walikuwa wanakisikiliza, ndipo Mama akasimama mstari wa tatu.

"Nilijua kona zimepungua," akasema. "Nilijua kabla sijakileta kiroba."

Akakaa. Mama Costansia akavaa miwani yake, akasema tuwaache waendelee na mazoezi. Wakaimba wimbo wa kwanza, vibaya. Mimi nikatoka.

Kitambaa kingine hakuna fedha ya kukinunua, kwa hiyo siku iliyofuata sare kumi na moja zilizokuwa bado hazijapindwa zilikusanywa kutoka mezani kwa Mama ili zipelekwe kwa fundi mwingine Kayanga. Walikuja wawili kuzichukua, wakazungumza vizuri, wakanywa na chai. Wazee wa kwaya walikwenda kwa Uwamahoro wakamrudishia sare yake na kumwomba arudi kuimba. Alisema amewasikia.

Tangu siku hiyo Mama haniambii kitu zaidi ya "lete maji" na "funga mlango". Ni wiki ya kwanza ninayoikumbuka ambayo hakuna mtu aliyekuja na kitambaa. Na kinachonichoma, Shangazi, ni kwamba mimi watu wananisifu. Mchungaji alinisimamisha njiani akasema nina moyo wa ujasiri. Wanawake wawili wameniambia hivyohivyo. Nikiwasikia natamani kuwarushia kitu. Ujasiri gani huo ambao aliyeulipia ni mtu mwingine? Nilidhani nikisema ukweli nitapumzika. Sijapumzika. Nalala nikiwa nimekunja ngumi.

Nilimlalamikia Baba tukiwa tunakata majani ya mgomba. Unamjua kaka yako, alikata majani matatu mengine kwanza. Kisha akaniuliza: "Ile Alhamisi, kwa nini hukumwambia mama yako mwende wote?"

Nilikuwa na majibu mengi. Kwamba angekataa. Kwamba alishakataa. Lakini nilimwomba mara moja tu, jioni ile ya ndizi, kisha nikakaa siku tisa nikibishana naye kichwani mwangu, ambako yeye hakuwepo. Kichwani nilimshinda kila siku. Ningemwomba mara ya pili, labda angekataa. Lakini angesimama siku ile akiwa anajua anakokwenda.

Leo asubuhi, ndiyo sababu nimeshika kalamu, Uwamahoro amekuja.

Mama alikuwa amekaa kwenye cherehani bila kushona chochote, mimi nilikuwa kwenye mkeka napanga pini. Uwamahoro alisalimia, akafungua kanga, akatoa sare yake ya zambarau akaiweka mezani. Akasema imemzidi kiunoni na pindo bado. Mama hakuigusa. Alimwambia sare zote sasa zinapelekwa Kayanga.

"Kayanga ninapajua, Mama Joanitha," akasema. "Nimekuja hapa."

Mama akavuta futi ya kupimia kutoka shingoni. Ndipo Uwamahoro akanigeukia, kwa mara ya kwanza tangu aingie, akanitazama kama ninavyostahili kutazamwa.

"Lakini huyu asiiguse."

"Hataigusa," Mama akasema.

Niliziweka pini mezani nikatoka. Nimekaa huku nyuma, karibu na pipa la maji, nakuandikia juu ya daftari la maandalio ya masomo. Sijui wanaongea nini humo ndani. Sisikii kicheko, wala sitarajii kukisikia. Nimekasirika, nimeaibika, na wakati huohuo nimetega sikio kama mgonjwa anayesubiri kuitwa jina, kwa kuwa cherehani ya Mama inazunguka. Inasimama kidogo, anapogeuza kona nadhani, kisha inazunguka tena.

Nakuomba jambo moja. Mpigie simu Mama, si mimi. Usimwambie kwamba nimekuandikia, wala usimwombe anisamehe. Muulize tu habari za kazi, kama ulivyokuwa ukimuuliza zamani, umwache akueleze leo anashona nini.

Nisalimie Mjomba Cassian, na mwambie kahawa yake Baba ameikausha, itakuja na mtu. Wasalimie Dastan na mdogo wake Mackrine, uwaambie dada yao anawakumbuka sana. Baba anakusalimu. Mama naye angekusalimu kama angejua naandika.

Mungu alitunze goti lako na mikono yako inayowashika wagonjwa, akupe usingizi mwema, na atubakishe sote mpaka tuonane kibanjani.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, ninayekupenda hata siku ambazo sijipendi,

Joanitha Byabato